Makabila kumi ya Israeli hayakuyeyuka

Wengi tumekaririshwa kwamba Waashuru walipoiteka Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, kama mwaka 722 KK, walizoa makabila kumi yote wakayapeleka kusikojulikana, ndo maana mpaka leo watu wanayatafuta Afghanistan hadi Japani (hiyo ya Japani huwa inanichekesha). Sasa tulia kidogo. Mfalme Sargoni wa Pili wa Ashuru, mtu wa kujisifia kweli kweli kwenye maandishi yake, anasema aliondoa Samaria watu 27,290, na ufalme ulikuwa na watu wengi zaidi ya hao, yani waliobaki vijijini ni wengi tu. Na kusikojulikana wapi? 2 Wafalme 17 inataja Hala, Habori, mto wa Gozani na miji ya Wamedi, huko Syria kuelekea Irani ya leo. Halafu soma 2 Mambo ya Nyakati 30, Hezekia, mfalme wa Yuda, anawaita kwenye Pasaka "waliosalia" mikononi mwa wafalme wa Ashuru, wengi wakawacheka wajumbe wake ila baadhi ya watu wa makabila ya Asheri, Manase na Zabuloni wakaja Yerusalemu. Hata Ana, yule nabii mwanamke wa kwenye Luka 2, ni wa kabila la Asheri, karne saba baadaye. Wasamaria nao bado wapo, wachache, pale mlima Gerizimu, na wanajihesabu uzao wa Efraimu na Manase.