Faiba hukwama kwenye udongo

Kila nikirudi nyumbani Tororo, mashariki mwa Uganda, majirani huniuliza swali lilelile: mkonga, ule waya mkuu wa intaneti, umepita Malaba, mpakani na Kenya, zamani, mbona intaneti ya kasi kwetu bado ghali? Kazi yangu ni kupanga njia za faiba, yaani waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, na jibu langu huwaudhi. Waya wenyewe si ghali sana. Pesa humezwa na mtaro, na muda humezwa na vibali.

Uganda haina bahari. Data yetu hushukia pwani, kwa mfano Mombasa, kwa nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi 2009, halafu husafiri nchi kavu zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Mkonga wa taifa unaosimamiwa na NITA-U, wakala wa serikali wa teknolojia ya habari, umefika pia Mutukula, mpakani na Tanzania, kwa hiyo katapila likikata waya upande wa Kenya hatuzimiki wote.

Shida ni kutoka kwenye mkonga huo hadi mlangoni kwako. Ukifuata barabara kuu, unaomba ruhusa ya hifadhi ya barabara. Ukiingia mjini, unaanza upya na manispaa. Ukikuta kinamasi, NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukikuta msitu wa serikali, NFA, mamlaka ya misitu. Kila ofisi ina fomu yake na kalenda yake.

Ukiiacha barabara ndipo utaijua Uganda. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, na kwamba asinyang'anywe mtu kabla hajalipwa fidia. Haki kabisa. Lakini Buganda, kwenye ardhi ya mailo, mfumo wa umiliki wa huko, shamba moja lina wenyewe wawili: mwenye hati, huenda anaishi Kampala, na mwenye kibanja, yaani mkaaji wa ardhi hiyo anayelima migomba pale. Ukimlipa mmoja, wa pili atakungoja na panga mtaroni. Nimeshakaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tangu asubuhi hadi jua kuzama kwa ajili ya mita arobaini.

Ndiyo maana napenda nguzo za umeme mkubwa za UETCL, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme. Ule waya wa juu kabisa, wa kukinga radi, una faiba ndani yake. Huchimbi hata shimo. Hautaingia vijijini, ila huokoa safari ndefu.

Kodi nayo ipo: 2018 shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii (wengi wakakimbilia VPN, programu ya kuficha unachofanya mtandaoni), kisha 2021 asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Hiyo bunge laweza kuifuta kwa kikao kimoja. Mtaro haufutwi hivyo. Dawa yake ni kuzika bomba tupu barabara inapojengwa, kampuni zote zipitishe waya humo kwa malipo ya haki.

Mwezi uliopita niliikuta barabara moja ya kwetu ikiwekwa lami. Nikamuuliza msimamizi kama ameacha bomba chini ya kalavati. "Kwenye michoro halimo, mzee," akanijibu, akaliashiria greda lisonge mbele.