Kwa Nini Kitufe cha Sauti Huwekwa Katikati ya Mtambo wa Muziki?

Je, wajua kwa nini simu iliyoshushwa sauti, ikichomekwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, hutoa muziki wenye mvumo, ilhali ukipandisha sauti ya simu na kuishusha amplifaya, mvumo ule hufifia? Muziki wenyewe waweza kusikika kwa ukubwa ule ule mara zote mbili. Kinachotofautiana ni mahali sauti inapopunguzwa.

Kila kitu ambacho mawimbi ya sauti hupitia yakiwa umeme, iwe waya, transista au kinzani, huyatia kelele kidogo. Kitufe cha sauti hupunguza kila kilichokifikia, muziki na kelele kwa kiasi kimoja, lakini kelele inayoingia baada yake hakiigusi, kama vile chujio lisivyoweza kuzuia chenga za nazi zilizoanguka chunguni baada ya tui kuchujwa. Ukishusha sauti kwenye simu, muziki huingia katika waya ukiwa dhaifu, hukutana humo na mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwa Kenya ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kisha amplifaya huvikuza vyote viwili bila kubagua. Msikilizaji wa taarabu huugundua mvumo huo mapema, pale udi unapoanza peke yake na fidla bado hazijaingia.

Santuri hulionyesha jambo hili vizuri zaidi. Sindano yake ya kawaida ya sumaku hutoa takriban milivolti 5, ilhali mashine ya CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 400 zaidi. Ndiyo sababu santuri huhitaji priamplifaya yake, yaani kikuzaji cha awali, ambayo huyakuza mawimbi kama mara 100 na pia kurudisha besi iliyopunguzwa makusudi wakati sahani ilipokatwa. Kitufe kingewekwa kabla ya priamplifaya hiyo, kelele ya kitufe chenyewe nayo ingekuzwa mara 100.

Mwishoni kabisa, kati ya amplifaya na spika, nako hakufai, kwa kuwa mkondo wa umeme hapo ni mkubwa na kitufe kingegeuza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kuwa joto. Basi mahali panapobaki ni baada ya priamplifaya ya santuri na kabla ya amplifaya ya nguvu, ile inayoendesha spika. Sharti ni kwamba hatua zinazotangulia kitufe zisizidiwe: simu nyingine hukwaruza sauti zikifunguliwa hadi mwisho, na kwa maoni yangu ni heri kuishusha alama moja au mbili, kisha kazi iliyobaki ikafanywa na amplifaya.

Kitufe chenyewe hakipunguzi kwa mstari ulionyooka. Kikiwa nusu ya mzunguko, aghalabu hupitisha kama sehemu moja ya kumi tu ya volti, kwa sababu sikio huhitaji nguvu mara kumi ili lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu.

Katika nyumba za Mji wa Kale na kwingineko Mombasa karibu na bahari, hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani ya kitufe, na vumbi huganda kwenye utepe wake wa kaboni. Ukikizungusha, spika hutoa mkwaruzo, kwa kuwa amplifaya ya nguvu iko mbele yake tayari kuukuza. Mara nyingi dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme hutosha, ikipulizwa ndani mtambo ukiwa umezimwa na kuchomolewa, kisha kitufe kikazungushwa huku na huko mara kadhaa. Mkwaruzo ukirejea papo hapo, huenda kapasita iliyo kabla ya kitufe inavujisha umeme, na hiyo ni kazi ya fundi.

Stima zinapopotea, zima amplifaya ya nguvu. Zikirudi, kama mtambo wako una priamplifaya ya pembeni iliyobeba kitufe cha sauti, iwashe hiyo kwanza, ngoja itulie, ndipo uwashe amplifaya. Vinginevyo kishindo cha priamplifaya inapowaka kitakuzwa na kutua moja kwa moja kwenye spika, hata kama kitufe kimefungwa kabisa, kwani kishindo hicho mara nyingi huzuka katika sehemu ya priamplifaya hiyo iliyo baada ya kitufe.