Namba 381654729 na sababu ya kuwa peke yake

Namba 381654729 ina tarakimu tisa, 1 hadi 9, na kila moja imetumika mara moja tu. Ajabu yake huonekana unapoisoma hatua kwa hatua kutoka kushoto: tarakimu mbili za mwanzo, 38, hugawanyika kwa 2 bila baki, tatu za mwanzo, 381, hugawanyika kwa 3, nne, 3816, hugawanyika kwa 4, na mwendo huo hauvunjiki mpaka namba nzima inapogawanywa kwa 9 na kutoa 42406081. Tarakimu hizo zinaweza kupangwa kwa njia 362880, lakini mpangilio unaotimiza masharti yote ni huu mmoja tu. Linalonivutia zaidi ni kwamba upekee huo unathibitishwa kwa kalamu na karatasi.

Namba inayogawanyika kwa 5 huishia na 0 au 5, na kwa kuwa 0 haimo, nafasi ya tano ni ya 5. Nafasi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane lazima zishikwe na namba shufwa, hivyo witiri hubaki na nafasi nyingine zote. Tarakimu ya nne, kwa kuwa inatanguliwa na witiri, haiwezi kuwa 4 wala 8, maana namba kama 14 na 38 hazigawanyiki kwa 4. Inabaki iwe 2 au 6, na ya nane vivyo hivyo. Sharti la 6 nalo linadai jumla ya tarakimu ya nne, ya tano na ya sita igawanyike kwa 3, kwa hiyo katikati ya namba panaweza kukaa 258 au 654 tu.

Tukichukua 258, sharti la 3 na la 8 hutuachia namba mbili, 741258963 na 147258963. Hii ya pili mwenye simu ya vitufe ataitambua, kwa sababu inafuata safu zake tatu za wima. Zote mbili zinapita kila mtihani isipokuwa ule wa 7: 7412589 hubakiza 2, na 1472589 hubakiza 6.

Tukichukua 654, hubaki namba nane, na mtihani uleule wa 7 huangusha saba kati yake. Inayosalimika ni yenye 3816547, ambayo ni 7 mara 545221. Sharti la 9 halichuji chochote, kwa kuwa tarakimu 1 hadi 9 zikijumlishwa hutoa 45 kwa mpangilio wowote.

Ukiongeza 0 mwishoni, unapata 3816547290, inayogawanyika kwa 10. Ikiruhusiwa kurudia tarakimu, mwendo huu unaweza kufika tarakimu 25 lakini hauvuki hapo, na namba yenye urefu huo ni moja tu: 3608528850368400786036725.