Tabibu, muhogo mchungu na makala iliyofungwa

Masika moja alikuja maktabani kwetu, hapa Mtwara mjini, tabibu kijana wa zahanati ya upande wa Mto Ruvuma. "Shikamoo mama," alisema, akanipa simu yake. "Hii nimeshindwa kuifungua."

Alikuwa na binti wa miaka tisa aliyelala mzima akaamka miguu imekakamaa. Ndani ya siku mbili akawa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana kama makali ya mkasi. Hakuwa na homa wala maumivu ya mgongo, lakini goti likigongwa kwa nyundo ndogo, mguu uliruka kuliko kawaida, kulia na kushoto vilevile. Nyumbani kwao, kwa wiki kadhaa, chakula kilikuwa ugali wa muhogo mchungu na kidogo sana cha kuteremshia. Kijana alishahisi ni konzo. Alimwandikia mtoto rufaa, kisha akataka kusoma zaidi. Makala ya kwanza aliyoigusa ilimwomba karibu dola 40, yaani zaidi ya shilingi 80,000 kwa kurasa zisizozidi kumi.

Mimi ni mkutubi wa chuo cha afya, na kazi yangu ni kutafutia watu maandishi ya kitabibu. Siku ile niliumia, kwa sababu konzo si ugonjwa wa kusimuliwa kutoka mbali. Ulishatokea hukuhuku kwetu.

Konzo ni neno la Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,100 mkoani Nampula, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na Wamakua wa huko waliuita mantakassa. Mwaka 1985 ulionekana Tarime wakati wa ukame. Utafiti wa Tarime ulichapwa mwaka 1990 katika Brain, jarida la Uingereza la magonjwa ya ubongo na neva. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukazuka Mbinga na hapa Mtwara, na mwaka 2011 watafiti wa Tanzania na Australia walichapisha habari za wagonjwa wa wilaya hizo mbili.

Kinachoumia ni seli za neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kwenda uti wa mgongo kuiamuru misuli. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, na linamarini huzaa sumu ya sianidi. Mwili unao uwezo wa kuivunja makali sianidi hiyo, lakini unahitaji salfa inayotokana na protini za chakula kama samaki, kunde na mayai. Mwaka wa ukame mambo mawili hukutana: muhogo unazidi uchungu, na njaa inawafanya watu wafupishe siku za kuloweka na kuanika makopa. Neva zikishaharibika hazirudi. Tena si miguu tu. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti wa Kongo ulioonyesha kwamba watoto wenye konzo walifanya vibaya kwenye majaribio ya kumbukumbu na kujifunza, na hata wenzao wa jirani wanaotembea vizuri walikuwa na dalili za kuathirika.

Elimu hii yote imetokana na watu wa vijijini waliotoa mkojo wao upimwe, wakatembezwa mbele ya madaktari, wakafungua vihenge vyao unga upelekwe maabara. Naamini kabisa kwamba tabibu wa zahanati anayewahudumia watu hao ana haki ya kuisoma bila kulipa.

Makala hufungwaje? Kwa desturi ya zamani, mtafiti humkabidhi mchapishaji haki za makala yake bure, na wenzake wanaoihakiki hawalipwi. Kisha mchapishaji huwauzia vyuo na wasomaji. Tarehe 14 Februari 2002 kundi la wanasayansi na wakutubi lilitoa Azimio la Budapest, likidai makala za utafiti zisomwe na yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Ndio unaoitwa ufikiaji huria. Njia zake kubwa ni mbili. Ama jarida lenyewe liwe wazi, ama mwandishi aweke nakala yake katika hifadhi ya wazi, kama ya chuo chake au PubMed Central, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000.

Njia ya kwanza ina mtego ambao watu wa sayansi ya neva wanaufahamu vizuri. Jarida likiwa wazi, mara nyingi gharama humwangukia mwandishi. Mwaka 2021 jarida la Nature Neuroscience lilianza kumtoza anayetaka makala yake iwe wazi ada iliyotangazwa kwa euro 9,500. Mwezi Aprili 2023 wahariri zaidi ya 40 wa NeuroImage, jarida kubwa la picha za ubongo, walijiuzulu kwa pamoja baada ya mchapishaji kukataa kupunguza ada ya dola 3,450. Wakaanzisha jarida lingine, Imaging Neuroscience, chini ya MIT Press, mchapishaji wa chuo kikuu cha Marekani. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kumfungulia msomaji mlango huku mtafiti wa Mtwara akifungiwa nje si uhuru kamili.

Kwa hiyo nawaambia watafiti wetu wasikate tamaa wakiona bei. Majarida mengi ya wazi husamehe ada yote kwa nchi zilizo katika Kundi A la Research4Life, mpango wa kuzifungulia nchi maskini maandishi ya utafiti, na Tanzania imo. Ombeni kabla ya kutuma makala, kwa kuwa baada ya kukubaliwa huwa ni vigumu. Yapo pia majarida yasiyomtoza msomaji wala mwandishi. Ila kaeni chonjo na barua pepe za kusifia kupita kiasi zinazoahidi kuchapa ndani ya siku tatu. Wengi hao wanatafuta fedha tu, hakuna anayehakiki. Litafuteni kwanza jina la jarida katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa.

Narudi kwa kijana wangu. Tuliingia PubMed Central, tukaandika konzo. Ikatokea makala ya Nzwalo na Cliff, ya mwaka 2011, katika jarida la wazi la PLOS Neglected Tropical Diseases. Ilifunguka palepale, kwa bando lake mwenyewe. Kwa ile iliyofungwa tulimwandikia mtafiti barua pepe, maana anwani yake huwekwa wazi kwenye ukurasa wa mwanzo na wengi hutuma nakala kwa furaha. Vyuo vingi vina Hinari pia, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia vyuo majarida ya afya, ulioanza 2002. Muulize mkutubi wako.

Jambo alilolishika zaidi ni njia ya kulowanisha unga iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Tuliijaribu uani kwangu. Unatia unga wa muhogo kwenye bakuli, unausawazisha na kuweka alama ulipoishia. Unatia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Unautandaza juu ya mkeka, unene usifike sentimita moja, unauacha juani kwa muda wa saa mbili. Sianidi inatoka kama hewa. Jioni hiyohiyo unasonga ugali.

Makala ile ya Nzwalo na Cliff ina leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuinakili, kuitafsiri na kuisambaza mradi awataje waandishi. Tulitoa kurasa mbili kwa Kiswahili, tukaongeza maelezo ya kulowanisha, na siku ya kliniki tabibu akawaeleza kina mama kwa Kimakonde. Bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa akauliza: hilo jua la saa mbili, wakati wa masika watalitoa wapi?

Jibu tabibu alikuwa nalo mkononi. Kivulini, kwa muda wa saa tano.