Moyo Kushindwa Kufanya Kazi: Maswali na Majibu Kuhusu Ushauri kwa Njia ya Simu

Ushauri huu ni wa namna gani?

Muuguzi au mtaalamu mwingine aliyefunzwa humpigia simu mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika na hausukumi damu inavyotakiwa, pamoja na ndugu anayemuuguza, kwa siku walizopatana, ili kuwasaidia kuendesha matunzo ya nyumbani. Hahutubii, huuliza, husikiliza, kisha hukubaliana nao jambo moja au mawili ya kutekeleza hadi simu ijayo.

Mgonjwa hufundishwa nini?

Kwanza, mizani. Moyo unapodhoofika, figo huzuia chumvi na maji, na mara nyingi maji hayo huonekana kwenye uzito siku kadhaa kabla mgonjwa hajazidiwa. Kwa hiyo hujipima kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa amevaa nguo za uzito uleule, na kuandika namba hiyo daftarini. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, asidhani amenenepa, wala asisubiri tarehe ya kliniki, bali awaarifu wanaomtibu siku hiyohiyo. Wapo ambao daktari amewaelekeza namna ya kuongeza dawa ya kupunguza maji mwilini hali hiyo inapotokea. Asiyepewa maelekezo hayo asijiongezee.

Mshauri huuliza pia mgonjwa analalia mito mingapi. Swali hili huwachekesha wengine, lakini mtu aliyetosheka na mto mmoja wiki iliyopita, na sasa hapati usingizi bila mitatu, tayari ameeleza kwamba mapafu yake yanajaa maji. Hufuata habari za chumvi, za kutoruka dawa hata anapojisikia vizuri, na za kuepuka vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo huufanya mwili uzuie maji.

Je, simu husaidia kweli?

Inategemea aliye upande wa pili. Katika utafiti wa DIAL uliofanyika Argentina na kuchapishwa mwaka 2005, ukiwa na wagonjwa 1,518, wale waliopigiwa simu na wauguzi walilazwa kwa nadra zaidi kwa sababu ya ugonjwa huu, ingawa idadi ya vifo ilikaribiana na ya wenzao. Marekani, utafiti wa Tele-HF wa mwaka 2010 uliwataka wagonjwa wapige simu kila siku na kuijibu mashine maswali. Kulazwa hospitalini na vifo havikupungua, na wengi waliacha kupiga kadiri miezi ilivyopita. Naona somo liko hapo: mashine hupokea namba, lakini haitambui sauti ya mtu aliyekata tamaa.

Anayeuguza anahusikaje?

Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mgonjwa anapumzika katikati ya ngazi aliyokuwa akiipanda bila shida. Hata hivyo huulizwa habari za mgonjwa tu, ilhali yeye mwenyewe hapati usingizi. Mshauri mzuri humtengea muda wake peke yake, huuliza nani anaweza kumpokea zamu, na humsaidia kugawana kazi na mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa anayefanyiwa kila kitu hupoteza uzoefu wa kujitunza.

Ni lini simu ya mshauri haitoshi?

Mgonjwa akikosa pumzi akiwa ametulia, akibanwa na kifua, akizimia, au akikohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, apelekwe hospitali mara moja.