Keratini ya unyoya si ile ya nywele

"Manyoya ya kuku ni keratini tupu, ileile iliyo kwenye nywele na kucha zako." Sentensi hii nimeikuta mara nyingi mno katika maelezo kuhusu utafiti wa manyoya. Nusu ya kwanza inakaribia ukweli. Hiyo "ileile" ndiyo inayompoteza msomaji, na mwenye kuianza safari nayo hataelewa kwa nini wanasayansi wanajishughulisha na manyoya badala ya kuokota nywele kwa vinyozi.

Maana kwanza. Keratini ni jina la kundi la protini ngumu zisizoyeyuka katika maji, ambazo wanyama huzitumia kujenga vitu vya nje ya mwili: nywele, sufu, kucha, kwato, magamba, mdomo wa ndege, manyoya. Sehemu kubwa ya ugumu huo inatokana na salfa. Salfa ya mnyororo mmoja wa protini hushikana na salfa ya mnyororo jirani, na vifungo hivyo si vya kukatika ovyo. Ukichoma unyoya, ile harufu kali inayokukaba ni ya salfa hiyo. Unyoya wa kuku ni keratini kwa takriban asilimia 90.

Sasa jina. Limetoka katika neno la Kigiriki keras, yaani pembe. Lilitungwa karne ya 19, wakati hakuna aliyeweza kujua molekuli ya protini ina umbo gani, kwa hiyo linasema jambo moja tu: kitu hiki kina tabia ya pembe. Ni jina la sifa, kama tunavyosema "chuma" kwa kitu kigumu. Neno hilohilo la keras limo katika rhinoceros, jina la kifaru katika lugha nyingi za Ulaya, yaani pua na pembe, na pembe ya kifaru kweli ni keratini. Lakini pembe za ndovu je? Zile ni meno. Zimejengwa kwa dentini, na keratini hamna. Wazee walioziita pembe hawakukosea, maana waliangalia umbo na ugumu, nasi tunaelewana. Kosa linaanza pale mtu anapochukua jina lililotokana na kuangalia kwa macho akalifanya ushahidi wa kikemia.

Neno manyoya nalo linatutega vivyo hivyo. Kwetu kuku ana manyoya, paka ana manyoya, kondoo ana manyoya. Lugha imetaja kinachofunika mwili wa mnyama, ikaishia hapo. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kuwa manyoya na nywele ni kitu kimoja, hana sababu ya kushtuka. Ndiyo maana naona mwandishi wa Kiswahili ana wajibu mkubwa zaidi wa kutenganisha, kwa kuwa neno lenyewe halimsaidii.

Waliotenganisha walitumia eksirei. Miaka ya 1930, William Astbury, mwanafizikia wa nyuzi pale Leeds, Uingereza, alipitisha eksirei katika sufu akaona mpangilio fulani. Akaivuta sufu ikiwa na unyevu, mpangilio ukabadilika. Wa kwanza akauita alfa, wa pili beta. Alipopima unyoya, ambao hakuna aliyeuvuta, ukatoa picha ya jamii ya beta. Mwaka 1951 Linus Pauling na Robert Corey walieleza maumbo yaliyo nyuma ya majina hayo: alfa ni mnyororo uliojisokota kama springi, beta ni minyororo iliyonyooka ikalala ubavu kwa ubavu kama karatasi yenye mikunjo.

Tofauti haiishii kwenye mkunjo. Protini moja ya unyoya wa kuku ina asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zipatazo 100 tu, ilhali ya nywele ina zaidi ya 400. Jeni zinazozitengeneza hazina undugu. Protini za aina ya unyoya zipo kwa ndege na reptilia, na binadamu hana hata moja. Wapo wataalamu wanaotaka zisiitwe keratini kabisa, bali protini za beta za kipembe. Mimi naliunga mkono pendekezo hilo, ingawa jina la zamani halitaondoka kesho.

Shika unyoya mmoja wa bawa uone. Katikati kuna uti, na chini uti unaishia kwenye kijiti chenye tundu ndani, kinachoitwa kalamus, neno la Kilatini lililotoka katika Kigiriki kalamos, yaani tete. Neno hilohilo lilipita kwenye Kiarabu likatufikia kama kalamu. Pembeni mwa uti kuna nyuzi. Zitenganishe kwa kucha, kisha zipapase kutoka chini kwenda juu: zinajifunga upya, kwa sababu zina kulabu ndogondogo zinazonasana. Jambo hilo haliwezekani kwa unywele. Nyuzi hizo pia zina vinafasi vya hewa ndani, na uzito wake hauzidi gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, wakati sufu ina kama 1.3 na pamba 1.5.

Hewa hiyo ndiyo iliyomvutia Richard Wool wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliyechanganya nyuzi za manyoya na utomvu uliotengenezwa kwa soya ili kupata bodi za saketi za kompyuta, kwa kuwa hewa haizuii sana mwendo wa mawimbi ya umeme. Mwaka 2023 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, na wenzao wa Singapore walichukua keratini ya manyoya, wakaipanga upya kuwa nyuzi nyembamba mno, wakatengeneza utando unaopitisha protoni ndani ya seli ya fueli, kifaa kinachotoa umeme kutokana na hidrojeni.

Katika lishe ya mifugo, zile asilimia 90 huwadanganya watu. Kipimo cha kawaida cha protini huhesabu nitrojeni tu. Hakijui kama tumbo litaweza kuvikata vifungo vya salfa, na kwa manyoya mabichi haliwezi. Lazima yapikwe kwa mvuke wenye shinikizo, au yatiwe vimeng'enya, yaani protini zinazovunja nyingine, kama cha bakteria Bacillus licheniformis PWD-1, ambayo Jason Shih na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waliieleza mwaka 1990 kuwa inaweza kumeng'enya manyoya mazima. Hata baada ya hapo lisini na methionini, asidi amino ambazo mnyama lazima azipate katika chakula, bado ni haba.

Basi atakayeandika tena kuhusu manyoya, ombi langu ni dogo: aandike "keratini ya aina ya beta", au "protini ngumu ya jamii ya keratini" ikiwa beta inamwia nzito. Akitaka mfano wa kitu kinachofanana na unyoya, kuna magamba ya miguu ya kuku yuleyule. Hayo ni ya beta pia.