Ndui imeisha, surua bado ipo: tusizichanganye

Swali tunaloulizwa sana kwenye kitengo chetu cha chanjo ni hili: haya magonjwa mbona siku hizi hatuyaoni, sasa mtoto achomwe sindano zote hizo za nini? Swali halina ubaya wowote, ila jibu linategemea unaongelea ugonjwa gani.

Ndui imeisha kweli. Ilikuwa inaua kama watu 3 kati ya kila 10 wanaoipata, na waliopona wengi walibaki na makovu usoni, wengine wakapofuka. Wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977 (alipona), na 1980 WHO wakatangaza imetokomezwa, ndo maana watoto wa leo hawachanjwi ndui. Ugonjwa ukiisha kabisa chanjo yake nayo inaachwa, na wanaolalamika kwamba chanjo hazina mwisho hilo huwa hawalitaji.

Surua ni habari nyingine. Kabla chanjo yake haijaanza 1963 karibu kila mtoto alikuwa anaipata, milipuko mikubwa inakuja kila baada ya miaka 2 au 3, na inakadiriwa ilikuwa inaua watu milioni 2.6 kwa mwaka duniani. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi masaa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na ukiwa huna kinga halafu ukakaa karibu na mgonjwa basi kuikwepa ni bahati, maana wasio na kinga 9 kati ya 10 wanaambukizwa. Wapo wanaosema ni vipele tu vya utotoni. Vipele gani vinaleta nimonia, upofu na uvimbe wa ubongo? Tena inafuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulishajijengea dhidi ya magonjwa mengine, kwa hiyo mtoto anapona surua halafu anaanza kuumwa hovyo hovyo. Samoa uchanjaji ulishuka hadi kama 31%, surua ikaingia 2019 ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo, kwenye nchi yenye watu kama laki 2 tu.

Halafu kuna ile ya "mbona hata waliochanjwa wameumwa". Tupige hesabu. Chukua shule ya watoto 1,000, 950 wana dozi mbili za surua, 50 hawana hata moja, kirusi kikaingia na kikamfikia kila mtoto. Kwa wale 50 wataumwa kama 45. Wale 950 bila chanjo wangeumwa kama 855, ila dozi mbili zinakinga kama 97%, kwa hiyo wataumwa kama 26. Mtu atakwambia zaidi ya theluthi ya wagonjwa walichanjwa na hajadanganya, ila amekuficha kwamba upande mmoja karibu wote wameumwa na upande wa pili hawafiki hata 3 kwa 100.

Pepopunda ndo kabisa hailetwi na mtu. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo, vinaingia kwa kidonda, kwa hiyo hata mtaa mzima ukichanjwa wewe usiyechanjwa haikusaidii chochote.

Na chanjo nazo zina maudhi yake, tusifichane: homa, mkono kuuma, mtoto kulialia siku moja mbili. Mzio mkali upo ila ni nadra sana, kwa chanjo ya surua ni kama mmoja kwenye dozi milioni, na ndo maana mnaambiwa msubiri kidogo kituoni baada ya sindano, maana ukitokea mara nyingi ni ndani ya dakika chache na dawa yake inakuwa pale pale.

Kama mtoto alirukwa dozi kwa kawaida haanzi upya, anaendelea alipoishia, njoo na kadi yake tuangalie kipi kimebaki.